Mtu Aliyetoka Shimoni Mara Mbili

Nimestaafu mwezi uliopita, na ninyi mnaobaki kwenye kamba mmeniomba niandike kidogo niliyoyaona kazini. Nadhani mliniomba kwa adabu tu, kama mtu anavyomwambia mgeni aliyekwisha vaa viatu, "kaa kidogo." Mimi nimekaa.

Shule niliiacha darasa la saba, na Kiswahili changu ni cha kambi ya askari alikozaliwa baba yangu, sisi Wanubi, kwa hiyo msitafute ufasaha humu. Lakini nina madaftari. Tangu wiki ya kwanza niliandika kila siku mistari michache: nani aliingia majini, nani alitoka, maji yalikuwaje, tulikula nini. Pale kumbukumbu yangu inapogombana na daftari, nimeliamini daftari. Na kosa kubwa kuliko yote niliyofanya kazini limo ndani ya kitabu cha kampuni, kile cha wanaoingia na kutoka majini, kwa mwandiko wangu mwenyewe, mwandiko mzuri tu.

Kampuni yetu ilifanya kazi za chini ya maji. Tulisafisha mabomba yanayonyonya maji ziwani, tuliinua injini za boti na siku moja gari la arusi, na siku mbaya tuliinua watu. Niliajiriwa kwa sababu niliulizwa kama najua kuogelea, nikasema ndiyo. Hakuna aliyeuliza kama naogopa.

Siku ya kwanza nilitegemea kupewa miwani ya kuzamia. Fundi Otieno, Mjaluo wa Kisumu aliyetufundisha sote, alinipa kamba. Akaniketisha ufukweni, akanifunga macho kwa taulo yake, akaenda na ncha ya pili kwenye matete.

"Niko wapi?" akaita.

"Sijui, Fundi."

"Basi nimekufa. Tuanze tena."

Kwa daftari langu, asubuhi hiyo Fundi Otieno alikufa mara kumi na moja. Mchana nilianza kumjua kwa vidole: sasa anatembea, sasa amesimama, sasa amekaa anavuta sigara. Akanifundisha mivuto. Mmoja, niko sawa. Miwili, nipe kamba. Mitatu, narudi. Minne, nitoe, na usiulize. Nikamuuliza, je, kamba isiposema kitu?

"Kamba iliyokaza, kuna mtu," alisema. "Kamba iliyolegea, mtu anakuja au mtu hayupo. Zote mbili mkononi ni sawasawa. Kazi yako ni kutochagua ile unayoipenda."

Niliandika maneno hayo siku hiyohiyo. Kuyaandika ilikuwa rahisi.

Nilizamia miaka mingi, mpaka sikio la kushoto likapasuka kwenye bomba moja, na daktari akasema basi. Toka hapo nikawa mtu wa kitabu na wa kusimamia kamba. Watu waliniambia nimepandishwa. Ni kweli, nilipandishwa kutoka majini hadi ukingoni.

Sasa niwaambie juu ya Shimo, kwa sababu wengine wenu mmelikuta tayari lina ngazi za chuma na mnadhani lilizaliwa hivyo. Ni machimbo ya zamani ya mawe, nyuma ya mtaa wa Kabalagala hapa Kampala, nyuma ya baa na moshi wa nyama ambayo mimi siili. Wachimbaji walifuata jiwe zuri hadi ndani ya kilima, wakachimba vyumba viwili vyenye uwazi mwembamba katikati, halafu wakagonga maji, wakakimbia. Wageni huliita pango. Sisi tuliita Shimo. Maji yake ni safi, na hilo ndilo lilikuwa jambo lenyewe. Ziwani huoni hata mkono wako. Mtu anayejifunza giza anahitaji mahali ambapo giza linawashwa na kuzimwa, na Shimo lilikuwa hivyo: unaingia na tochi, unajua kila kitu kilipo, unazima, unajifunza kutoka bila macho. Kila mzamiaji aliyewahi kunirudishia mtu wa kuzikwa kutoka ziwani alijifunza kwanza pale.

Siku ya ajali ilikuwa Jumanne. Tulikuwa watatu. Baraka, Mkongo wa Bukavu, alikuwa mzamiaji wetu bora. Aliingia peke yake kukagua Chumba cha Pili, jambo ambalo leo haliruhusiwi na siku ile lilikuwa kawaida. Ssalongo alikaa chini ukingoni, kamba mkononi. Jina lake lingine sijawahi kulitumia. Mkewe alizaa mapacha, na kwa Waganda hilo linatosha kuwa jina. Mimi nilikuwa juu, ngazi ishirini na kitu, mezani kwa kitabu, karibu na kompresa iliyokuwa ikijaza mitungi ya hewa kwa kelele kama ya mashine ya kusaga.

Saa saba na dakika tano Ssalongo aliniita kwa sauti kubwa.

"Haji! Imeregea!"

Hapa nawaomba mtulie, maana miaka mitatu ya maisha ya watu iko ndani ya neno hili. Kwa watu wengi wa Kampala l na r ni ndugu wanaoazimana nguo. Ssalongo alitaka kusema imelegea, yaani kamba imekuwa laini mkononi. Lakini kwetu sisi watoto wa kambi, kuregea ni kurudi. Baba akitaka niingie ndani alisema "regea hapa," nami nikaregea. Mtu aliyesoma ataniambia: Haji, kamba ni "i" na mtu ni "a," ungejua tu. Ni kweli, shuleni. Kwa Kiswahili chetu cha mtaani mtu iko, mbuzi iko, kamba iko, na mwalimu mkuu pia iko.

Nilisikia kwamba Baraka amerudi. Nikajibu kwa furaha: "Sawa! Acha kamba, njoo tule!"

Nikazima kompresa, nikaandika: Baraka, amerudi, saa saba na dakika tano.

Kwa upande wake Ssalongo, na lazima niuseme wote, alimwambia mkubwa wake kamba imelegea, na mkubwa akajibu sawa, acha kamba. Akafikiri mimi na Baraka tulipanga, labda Baraka ameifungua makusudi. Akaiweka chini, akanawa mikono, akapanda. Tukala matoke na maharage. Sahani ya Baraka niliifunika kwa jani la mgomba ili isipoe.

"Baraka anafanya nini huko chini?" nikauliza baada ya muda.

"Si wewe iko najua?" Ssalongo akasema.

"Mimi? Wewe ndiye umemtoa majini."

"Banange! Mimi nimetoa nani?"

Tuliangalia ile sahani. Halafu tulishuka ngazi zile, watu wazima wawili wenye matumbo yaliyojaa, kwa namna ambayo nashukuru hakuna aliyeiona. Ssalongo akavuta kamba. Ilikuja yote, nyepesi, na ncha yake imechanuka kama ufagio. Jiwe la kwenye uwazi lilikuwa limeikata.

Mzamiaji wa akiba hatukuwa naye. Nilivaa miwani. Ssalongo akanikamata mkanda.

"Haji, na sikio hilo? Ukiingia, mimi nitakuwa na wawili ndani."

Mpaka leo sijui kama alinizuia, au kama niliruhusu kuzuiwa. Daftari linasema tu: S. alinishika.

Bado tukiwa tunagombana, kichwa cha Baraka kikatokea. Alikuwa amekaa kwenye dari ya Chumba cha Pili, mahali penye hewa kidogo, amezima tochi ili asipoteze betri, akingoja tope alilolitibua litulie mpaka akaona mwanga wa kijani wa mlangoni. Akatema bomba la hewa. Akatuangalia mmoja mmoja. Ssalongo alikuwa na ganda la haragwe kwenye ndevu.

"Mumekula?" akauliza.

Halafu akaanza kutetemeka, akatetemeka mpaka alasiri.

Jioni niliandika kitabuni: Baraka, amerudi, saa saba na dakika arobaini. Mstari wa kwanza sikuufuta. Ningeweza, kurasa huchanika, na hakuna anayezihesabu. Sikuuchana, na sijui kama hiyo ilikuwa haki au ni uoga wa kukamatwa nikichana. Vyovyote, mkaguzi wa usalama alipokuja wiki iliyofuata alikuta mtu mmoja, siku moja, ametoka mara mbili.

"Mara ya pili aliingia saa ngapi?" akauliza. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye kalamu tatu mfukoni.

"Hakuingia, bosi."

"Basi alitokaje?"

"Mara ya kwanza hakutoka."

"Imeandikwa alitoka."

"Niliandika mimi."

"Kwa hiyo unaniambia rejista hii inadanganya?"

"Rejista haijui kitu, bosi. Mimi ndiye sikujua."

Alinitazama kama mtu anayetafuta kichaa kiko upande gani. Siku tatu baadaye Shimo lilizungushiwa mabati na mnyororo. Nilikubaliana naye. Mimi pia ningelifunga.

Miaka mitatu wazamiaji wetu walijifunza kwenye bwawa la hoteli, saa ambazo wageni hawaogelei. Waliohitimu pale walikuwa hodari sana juu ya vigae vya bluu. Siwalaumu, mtu hujifunza maji aliyopewa. Kisha mvuvi mmoja akazama ziwani, tukaitwa. Kijana wetu aliingia lile giza, akatoka baada ya dakika mbili, uso umebadilika. Akajaribu tena, akatoka tena. Ilituchukua siku nne kumpata yule mvuvi, mahali ambapo mtu wa Shimo angempata asubuhi ya kwanza. Siku ya tatu mama wa marehemu alinijia pale ufukweni, akaniuliza kwa upole kabisa:

"Baba, munamtafuta ao munamungojea?"

Daftari langu siku hiyo halina kitu kingine ila swali hilo.

Aliyefungua Shimo ni Nakato, si mimi wala kampuni. Wengi mnamjua: muuguzi wa Bukoto, mfupi, mwenye sauti ya kusimamisha boda boda. Alikuwa amejifunza kuzamia kwa mapenzi yake. Alipopata habari ya yule mvuvi alikusanya watu wa kujitolea, kila Jumamosi, wakasafisha. Kutoka majini tulitoa chupa za baa kwa magunia, viti vya plastiki, na ubao mzima wa kinyozi uliosema KARIBU TENA. Kazi hiyo ilikuwa rahisi. Ngumu ilikuwa orodha ya ofisi.

Orodha ilikuwa na masharti kumi na tisa, na mengi yalikuwa ya haki. Kamba ya kudumu ya kuongoza njia, imefungwa kwa chuma toka mlangoni hadi mwisho. Hewa igawanywe mara tatu: moja ya kwenda, moja ya kurudi, moja ya lile usilolijua. Mzamiaji wa akiba aliyekwisha vaa. Wavutaji wawili wa kamba. Mengine nayo tuliyatimiza. Tuliweka mtungi wa kuzimia moto kando ya maji yenye kina cha nyumba ya ghorofa tano. Tuliweka mshale wa kuonyesha njia ya kutokea, ingawa pale ukingoni njia ni moja tu. Nakato alikataza utani.

"Wakisema tulete mwavuli, tunaleta mwavuli," alisema. "Haji, nataka tiki kumi na tisa."

Tulipata kumi na nane. Sharti la kumi na nne lilisema: chanzo cha ajali iliyopita, na jina la mhusika. Na chini yake, kwa herufi ndogo: mhusika hataruhusiwa kushika kamba wala rejista mahali hapo.

Lazima nikiri jambo. Kwa miaka mitatu, mbele ya watu, mimi nilisema kosa ni langu, na Ssalongo akasema hapana, ni langu. Tulikuwa kama watu wawili mlangoni wanaoambiana tangulia wewe. Lakini kila mmoja akifika nyumbani alimweleza mkewe mambo kwa namna nyingine. Najua, kwa sababu wake zetu wanakutana sokoni.

Nilimfuata Ssalongo kwake na ile karatasi.

"Andika mimi," akasema, bila kuniangalia. "Wewe imebaki miezi mitano ustaafu. Utoke vizuri."

"Wewe una miaka kumi mbele. Bila kamba utafanya nini?"

"Nitauza chapati."

"Chapati zako nimezila, Ssalongo."

Hakucheka. Akaniuliza polepole: "Haji, sema kweli ya Mungu. Mimi nilisema nini siku ile?"

"Ulisema imeregea."

"Ndiyo! Si ndiyo hiyo? Imeregea! Kamba imeregea!" Akapiga goti lake. "Sasa wewe ulisikia nini?"

"Imeregea."

Nadhani hiyo ilikuwa mara ya kwanza tunaulizana. Miaka mitatu kila mmoja alidhani mwenzake ama alitamka vibaya, ama sikio lake limekufa. Na sikio langu limekufa kweli, hilo silifichi; lakini siku ile lilisikia sawa.

Kesho yake tulikwenda pamoja kwa Baraka. Tangu ile Jumanne hakuingia maji yoyote. Aliuza vitenge kwenye duka dogo Kabalagala, na mkewe alituambia hata kuoga anaoga kwa kikombe. Alitukaribisha vizuri, akatupa viti, akasikiliza hadithi ya neno hadi mwisho. Kisha akasema:

"Rudieni. Papa Ssalongo, sema kamba iko laini."

"Imeregea."

"Papa Haji, sema mutu amerudi, kama baba yako alikuwa anasema."

"Imeregea."

Akafunika uso kwa kitenge cha njano. Mabega yake yalitikisika, nikadhani analia, nikaanza kutafuta la kusema. Alikuwa anacheka.

"Miaka tatu," akasema alipoweza, "mimi nilikuwa najua munanichukia. Nilisema, hawa wazee baliniacha kule makusudi, juu ya kuwa mimi ni mukimbizi. Nilikuwa nahesabu: niliwakosea nini? Kumbe ni muchezo ya ulimi!"

Hilo sikuwahi kulifikiria hata siku moja, na nimeliandika hapa ili mlifikirie ninyi. Sisi tuligombania nani mwenye kosa, na yule tuliyemkosea alikuwa peke yake Kabalagala, akitafuta kosa lake.

Nikamwuliza niandike jina la nani kwenye kumi na nne. Akafuta macho.

"Andika kile kilitokea," akasema. "Mukiandika mutu, batamutoa huyo mutu, na hilo neno litabakia palepale linangojea mwingine."

Basi niliandika: Chanzo, neno "imeregea," lenye maana mbili. Mhusika, neno hilo hilo. Nakato alisoma, akavuta pumzi, akasema kale, yaani haya, twende, lakini wakicheka utaongea wewe.

Mkaguzi alikuwa yuleyule wa kalamu tatu. Hakucheka.

"Mzee, neno si mtu. Siwezi kulizuia neno lisishike kamba."

"Nakuomba kitu kimoja, bosi." Niliandika maneno mawili kwenye karatasi, moja kwa l, moja kwa r. "Ssalongo asimame nje, kwenye korido. Wewe soma moja, lolote. Atatuambia ni lipi."

Akaona ni upuuzi, lakini alikuwa mtu wa haki; alifunga mlango, akasoma kwa sauti.

"La kamba!" Ssalongo akaita kutoka nje.

Mkaguzi akatikisa kichwa. Akasoma tena.

"La kamba!"

Akasoma mara ya tatu, ya nne, akiisukuma ile l kwa ulimi kama mtu anayesukuma gari lililokwama. Naye alikuwa mtoto wa hapa hapa. Mara ya tano Ssalongo aliita, "La mtu?" kwa sauti ya kumwonea huruma, na hiyo nayo haikuwa sahihi.

Mkaguzi alifungua mlango, akarudi mezani. Akachukua kalamu ya pili, akaandika kwenye sharti la kumi na nne: Chanzo kimetambuliwa. Neno lipigwe marufuku mahali pa kazi, liwekewe ubao. Akatia tiki.

Mnaujua ubao ule, umesimama mlangoni hadi leo. Tulimwagiza mchoraji aandike MARUFUKU KUSEMA IMELEGEA. Akaandika MARUFUKU KUSEMA IMEREGEA. Nakato alitaka urudishwe. Nilimwambia auache, kwa sababu sijui kwa hakika ni upi ungekuwa sahihi.

Tukatafuta maneno mapya, yasiyo na l wala r ndani. Mtu alipendekeza kamba ikilegea tuite "imekufa." Nakato akauliza ni nani atakayesimama kando ya maji na kupiga kelele hiyo mbele ya mke wa mtu. Tukachukua "tupu." Na mtu akirudi, "mkononi," na haliitwi mpaka mvutaji amemshika mzamiaji mkono kwa mkono wake mwenyewe, mkono wenye maji. Ninyi mnayaita maneno hayo kila siku bila kufikiri. Vizuri. Lakini sasa mnajua yametoka wapi.

Siku ya kufungua, Baraka alikuja na mkewe, amevaa shati la kitenge, kama mgeni wa heshima. Alikaa dakika kumi hivi. Kisha akanijia mezani.

"Nani anashika?"

"Ssalongo."

"Nani anaandika?"

"Mimi. Lakini nikikaa vibaya sema, nitampisha mwingine."

"Hapana," akasema, akaanza kufungua vifungo vya shati. "Kama ni wengine, siingii."

Mkewe aligeukia ukuta. Baraka alisema ataishia mlangoni tu. Ssalongo akamfunga kamba, akakagua fundo, akakagua tena, mpaka Baraka akamwambia, "Papa, hunifungi kama mbuzi?" Nakato alikuwa amevaa tayari, miguu majini, na mvutaji wa pili alikaa nyuma ya Ssalongo. Mimi nilipanda mezani kwangu. Kompresa ilikuwa imezimwa. Hilo ni sharti la ishirini, na niliomba mimi liongezwe.

Hakuishia mlangoni. Niliona kamba inaendelea kumtoka Ssalongo mikononi, pima baada ya pima. Mivuto miwili, nipe kamba. Tena miwili. Alikuwa amevuka uwazi, yuko Chumba cha Pili. Halafu kukawa kimya, kimya kirefu ambacho daftari langu linasema ni dakika sita, na hapo nalipinga daftari kwa mara ya kwanza.

"Tupu!" Ssalongo akaita.

Nakato akashusha miwani. Niliinuka. Fundi Otieno alikuwa amekwisha kufa miaka mingi nyuma, safari hii kweli, lakini nilimsikia kwenye sikio lile bovu: mtu anakuja au mtu hayupo. Sikuchagua. Sikuandika kitu. Ssalongo alikuwa anakusanya kamba haraka, mkono juu ya mkono, midomo inatembea, na ghafla ikakaza, ikavutwa mara tatu.

Alikuwa anakuja. Ndiyo maana ililegea. Siku hiyo lile neno lililokatazwa lingekuwa kweli kwa maana zote mbili kwa pamoja.

"Mkononi!" Ssalongo akaita. "Haji, mkononi!"

Nilimsikia vizuri kabisa, kwa sikio zima. Lakini sikukaa. Nilichukua kitabu, nikashuka zile ngazi ishirini na kitu na magoti yangu haya, mpaka chini, nikamwona Baraka kwa macho, ameshikwa na Ssalongo kwa mikono miwili kama watu wanaosalimiana baada ya Hija. Nikampa kalamu.

"Andika mwenyewe," nikasema. "Mimi siandiki tena kwamba mtu amerudi. Aliyerudi ndiye anajua."

Akaandika jina lake kwa mkono uliokuwa unadondosha maji, akiwa bado amesimama kwenye maji ya kiuno. Akamwuliza Ssalongo kuna chakula gani.

Toka siku hiyo ndiyo kanuni pale Shimoni: kila mtu anajiandika mwenyewe anapotoka. Haikuwa kwenye orodha. Miezi iliyobaki niliisimamia, na ndani yake mkaguzi alirudi mara moja kukagua. Alipitia ngazi, mitungi, mshale, mtungi wa moto. Kila kitu sawa. Akafika kwenye rejista, ukurasa wa siku ya kufungua, akausogeza karibu na macho, akauelekeza kwenye mwanga. Wino ulikuwa umetapakaa. Jina la Baraka lilikuwa doa la bluu.

Akaandika kwenye ripoti: Rejista imelowa. Jina la aliyetoka halisomeki.

Hilo ndilo kosa la mwisho kwenye faili langu. Nimeomba nakala yake, nimeitia ndani ya daftari la mwisho.